Kiti cha pweza kibaki baharini, watoto watengeneze chao

Leo naweka kando mambo ya mbegu, dawa ya mikorosho na bei ya kaa. Nataka tuzungumze jambo ambalo wengine mtaliona la kitoto, lakini kwangu limetokana na kosa nililolifanya mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa naandaa meza ya maonyesho katika kijiji kimoja huku delta, karibu na mdomo wa mto. Nilitaka wageni waone utajiri wetu wa bahari. Nikawaita watoto jioni nikawaambia: kesho maji yakitoka, nileteeni viumbe vya bahari vya kila aina. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kesho yake, bamvua imekupwa vizuri, wakaja na ndoo tatu. Ndani kulikuwa na viti vya pweza, makome yenye wenyewe ndani, taa mmoja mdogo kama sahani, na kaa wachanga wengi ambao hata gamba lao halijakomaa. Tukavipanga mezani juani. Binti mmoja wa darasa la tatu akaniuliza, "Bwana Samaki, tukimaliza tunawarudisha majini?" Nikamjibu ndiyo, huku najua kwamba mpaka saa sita mchana hakutakuwa na wa kurudishwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mfanyabiashara aliyekuwa anapita aliona vile viti vya pweza akasema vikikauka vizuri atanunua Sh 500 kila kimoja. Kwa wiki kadhaa watoto walianika viti vya pweza juu ya mabati, kijiji kizima kikanuka. Yule mnunuzi hakurudi. Magunia mawili yalitupwa. Mimi, niliyeajiriwa kuwafundisha watu kutunza bahari, nilikuwa nimewafungulia watoto soko la kuiharibu.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na ndio ninaoutetea leo: mtoto wa delta afundishwe kutengeneza viumbe vya bahari kwa mikono yake, kwa vitu vilivyopo nyumbani, na wale halisi wabaki majini. Na kazi hiyo tusiihesabu kama mchezo wa kupoteza muda. Ni somo la uvuvi, ila linaanza mapema.

Tunachopoteza tunapookota walio hai

Delta yetu ya Rufiji ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Lakini mvuvi hahitaji orodha ili ajue umuhimu wake. Kamba hutaga nje baharini, watoto wake wakaingia kwenye vijito vya mikokoni kujificha na kukua, kisha wakarudi nje wakiwa wakubwa. Kaa jike wa mikokoni naye hutoka kwenda baharini kutaga. Kaa mchanga aliyeletwa mezani kwangu siku ile alikuwa bado hajamzaa hata mmoja.

Kiti cha pweza si ua wala jiwe. Ni mnyama, na ukimwanika juani anakufa. Hata kombe tupu lina kazi: yule kaa mdogo anayetembea na nyumba ya konokono mgongoni hana gamba gumu nyuma, na asipopata kombe tupu la kuhamia anaposonga kukua, analiwa.

Kasa na nguva hao ni habari nyingine kabisa. Wanalindwa kisheria, na hakuna pambo la gamba la kasa unaloweza kuliuza ukasema hukujua. Maji haya ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa sehemu chache za nchi yetu ambako nguva bado wanatajwa kuonekana. Watoto wengi wa Kibiti hawajawahi kumwona hata kwa picha. Mtu hawezi kumhurumia mnyama asiyejua anafananaje, na siku atakaponasa kwenye jarife atahesabiwa kama kilo za nyama tu.

Mkono unafundisha kuliko maneno

Mwambie mtoto kwamba kaa ana miguu 10, kesho amesahau. Mpe kifuu na njiti za chelewa amtengeneze, atalazimika kuuliza: miguu mingapi? Inatokea wapi? Mbona ile ya nyuma kabisa ni bapa kama kasia? Hapo ndipo unamwambia kwamba ile bapa ni ya kuogelea, na magando mawili yanahesabiwa humo humo kwenye 10.

Kisha mgeuze kaa wake chali. Chini ya tumbo la kaa dume kuna kifuniko chembamba, na cha jike ni kipana cha mviringo, kwa sababu ndipo anapobeba mayai. Nimekutana na vijana wa miaka 20 wanaouza kaa kila siku wasiojua tofauti hii. Na nimekutana na watoto wa miaka 9 wanaoijua kwa sababu waliwahi kuikata kwa boksi. Mtoto huyo akikua akamshika jike mwenye mayai, anajua ameshika nini. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunasubiri mpaka akauke, ndipo tunaita mikutano ya elimu ya uvuvi endelevu.

Vitu vya kutumia na namna ya kuanza

Hakuna cha kununua isipokuwa labda rangi kidogo. Tafuteni vifuu, makumbi, chelewa, ukindu uliobaki kwenye kusuka mkeka, maboksi ya dukani, ndala zilizokatika, vizibo vya soda, vitambaa vya khanga zilizochakaa na uzi wa nyavu.

*Gundi.* Chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga hadi uji uwe mzito na wa kung'aa. Acha upoe. Inashika boksi na karatasi vizuri. Pika ya siku moja tu maana inachacha, na kazi iliyogundishwa usiiache chini, mende na panya wanaipenda.

*Kaa wa kifuu.* Nusu ya kifuu iliyopigwa msasa au kusuguliwa kwenye jiwe ndiyo gamba. Mtu mzima atoboe matundu pembeni kwa msumari uliopashwa moto, manne kila upande. Pachika njiti za chelewa zilizokunjwa kidogo ziwe miguu. Jozi ya mwisho ivalishwe vipande bapa vya ndala. Magando mawili yakatwe kwa ndala na kufungwa mbele kwa uzi. Mwisho mtoto aamue: huyu dume au jike? Akate kifuniko cha tumbo kwa boksi kulingana na jibu lake.

*Samaki wa msikundazi.* Wanaoishi upande wa juu wa delta wanalijua tunda la msikundazi, gumu, jepesi, lenye ukingo mgongoni kama mkuku wa mtumbwi. Linaelea, na ndivyo mti huo unavyosafirisha mbegu zake. Okota yaliyokauka ufukweni yaliyotoboka au kuoza ndani, usichume mtini. Ule ukingo tayari ni pezi. Ongeza mkia wa ukindu na macho ya rangi, umepata samaki kwa dakika 10. Hii ndiyo ya kuanzia kwa watoto wadogo.

*Kamba wa kamba.* Watoto wanacheka wakisikia jina hili, na kicheko chenyewe ni nusu ya somo. Sokota kamba nene ya makumbi kiasi cha shibiri, ikunje kidogo kama kamba anavyojikunja, ifunge uzi kila baada ya upana wa kidole ili pingili zionekane. Chini ya kifua choma vipande vya chelewa 10 viwe miguu ya kutembelea. Chini ya tumbo acha nyuzi za makumbi zining'inie ziwe vimiguu vya kuogelea. Ndevu mbili ndefu kichwani zisisahaulike.

*Pweza na ngisi wa khanga.* Jaza sufi kwenye kitambaa, funga shingo, kisha suka vipande vinavyoning'inia kama nywele. Pweza mikono minane. Ngisi naye ana minane na mingine miwili mirefu ya kunasia. Waache watoto wabishane kabla hujawapa jibu.

*Kasa wa boksi.* Mwili wa duara refu, makasia marefu mbele na mafupi nyuma, mgongoni gundisha vipande vya ukindu. Mtoto akitengeneza kichwa cha kuingia na kutoka kama cha kobe, mwambie hapana: kasa hawezi kukificha kichwa chake ndani ya gamba. Mwambie pia jike hutoka usiku kutaga mchangani, mayai yanayoweza kuzidi 100 kwa mkupuo mmoja, na kwamba yanachukua kama miezi miwili kuanguliwa. Hapo ataelewa kwa nini moto wa usiku ufukweni na kufukua mayai ni hasara.

*Papa potwe wa ndala.* Huyu ni wa wale wanaovuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia na kusikia habari zake Kilindoni. Kata ndala ya bluu au nyeusi kwa umbo la papa mwenye kichwa kipana, kisha weka madoa meupe. Waambie madoa hayo hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine, kama alama za vidole vyetu, na kwamba samaki huyo anayeweza kupita mita 10 hula vitu vidogo vidogo vinavyoelea, wala hali watu.

Tahadhari ambazo sitaki mzipuuze

Maganda ya korosho mbichi yasiguswe. Najua yamejaa Kibiti nzima na umbo lake linavutia kama mkia wa kamba, lakini mafuta yake yanababua ngozi, na mtoto akijifuta jicho nayo ni safari ya zahanati.

Zile mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi, watu wanapenda kuzifanya macho. Ni sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa. Mbegu za mbarika vilevile. Tumia vizibo, makaa au rangi.

Watoto wasiokote makombe yenye umbo la pia, yaliyochongoka upande mmoja, hata yakipendeza namna gani. Konokono wa ndani akiwa hai ana mwiba wenye sumu inayoweza kuua mtu.

Visu vikali, moto na misumari ya moto ni kazi ya mtu mzima. Mtoto chini ya miaka 8 apewe kusuka, kufunga na kupaka.

Mwisho, msikate vile vipumuo vya mlilana vinavyochomoza matopeni kwa sababu ni vyepesi na vinachongeka. Mti unapumulia hapo. Boya la zamani lililoachwa na mvuvi linatosha.

Je, kuna biashara hapa?

Najua wafanyabiashara mnaonisoma mmeshaanza kupiga hesabu. Nitasema ukweli wote, wa moyo na wa mfuko.

Mfano upo katika pwani yetu ya Uswahilini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu huko Lamu, Kenya, mwanamazingira Julie Church aliona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndala zilizotupwa na bahari. Akawahimiza kina mama wa pale kuziokota, kuziosha na kuzikata. Kazi hiyo ilikua hadi ikawa kampuni ya Ocean Sole, ambayo karakana yake iko Nairobi na inauza wanyama wa ndala nchi za nje. Angalieni mwanzo wake: watoto wakicheza. Huko huko Lamu kikajengwa chombo kizima, Flipflopi, kwa plastiki iliyookotwa na kuvalishwa ndala za rangi rangi, na mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Ndala hazikupigwa marufuku, na kila bamvua inatuletea nyingine.

Kwa hiyo soko lipo. Lakini lisikupe ndoto za mchana. Kaa mmoja wa kifuu hunichukua saa moja na nusu. Tuseme umemuuza Sh 3,000 kwa abiria wa mabasi ya Lindi yanayosimama Kibiti, au kwa mgeni anayesubiri boti Nyamisati. Ukitoa rangi, uzi na nauli, unabaki na kama Sh 2,000. Ni nyongeza nzuri kwa mama anayesuka mikeka wakati wa masika, si mbadala wa shamba wala wa dema.

Na hapa naweka mstari. Anayetengeneza kwa ajili ya kuuza awe mtu mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Mtoto akitengeneza kaa wake Jumamosi akamuuza akanunua daftari, sina ugomvi. Ukimpa oda ya kaa 50 wa kumaliza kabla ya Ijumaa, umerudia kosa langu la zile ndoo tatu, umebadilisha bidhaa tu.

Wanaonipinga

Mzee mmoja, mvuvi ninayemheshimu sana, aliniambia: "Mwanangu, mimi nilimjua kaa kwa kumshika shimoni, si kwa kumkata kwa boksi. Mtoto apelekwe mikokoni." Nilimjibu kwamba simpingi. Apelekwe, tena na babu yake, maana babu ndiye anayejua shimo gani lina kaa na lipi lina nyoka. Lakini watoto wa siku hizi hawaendi na babu. Wanaenda wenyewe, wakiwa wametumwa, na ndoo mkononi. Kile ambacho babu alifundisha kwa kutembea nao, inabidi tukifundishe kwa namna nyingine, na ubora wa hii ni kwamba babu mwenyewe anaweza kuifanya akiwa amekaa barazani na mgongo wake unauma. Mzee alicheka. Wiki iliyofuata nilimkuta anawaonyesha wajukuu namna ya kusokota makumbi.

Wengine wanasema mtoto wa mkulima ana kazi za kutosha, kuchunga ndege mpungani, kuokota korosho, kuchota maji. Ni kweli. Siombi siku nzima. Naomba saa moja ya Jumamosi, mchana wa jua kali ambapo hata mtu mzima amelala.

Wapo pia wanaosema taka za kuchezea ni uchafu. Zioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Chupa au kopo lililokuwa na dawa ya mikorosho lisiguswe kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Ninachowaomba

Jumamosi hii, kila nyumba itengeneze kiumbe kimoja tu. Mzazi akae na mtoto, wala asimtume. Mwulize maswali kabla ya kumpa majibu. Kikikamilika, mpelekeni ufukweni au mtoni akamwone yule halisi, amwangalie, kisha amwache.

Yule binti wa darasa la tatu sasa yuko sekondari. Mwaka jana tulifanya maonyesho mengine, na meza ilijaa kaa wa vifuu, kamba wa makumbi na viti vya pweza vya ndala vyenye mikono mitano sawasawa. Alikuja kunisaidia kupanga. Jioni tulipokuwa tunafunga alishika kimoja akaniuliza kwa utani, "Na hiki, Bwana Samaki, tunakirudisha majini?" Nikamwambia hapana, hiki kaa nacho nyumbani. Nilifurahi kwamba safari hii nilikuwa namjibu kweli.